Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: Maswali ya afya yaulizwe kabla ya msiba

Kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA);
Wakurugenzi wa kampuni za bima za maisha;
Wakuu wa benki zinazouza bima pamoja na mikopo.

Yah: Namna mwombaji wa bima ya maisha anavyoulizwa kuhusu afya yake

Ndugu Viongozi,

Kuna sentensi moja katika fomu nyingi za kuomba bima ya maisha ambayo tunaomba ifutwe kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Inamtaka mwombaji athibitishe kwamba afya yake ni njema na kwamba hana ugonjwa wala udhaifu wa aina yoyote. Sasa mchukueni mtu wa miaka 43 anayemeza kidonge kimoja cha amlodipini cha miligramu 5 kila asubuhi. Analima, anapanda ngazi bila kuhema, na wiki iliyopita kliniki walimpima presha ikasoma 128/80, muuguzi akamwambia, "Uko vizuri, endelea hivyo hivyo." Huyu aweke alama wapi? Ataweka kwenye Ndiyo, kwa moyo mweupe kabisa. Kwa alama hiyo moja, bima atakayoilipia ada miaka kumi na zaidi inaweza kuanguka siku wanawe watakapoihitaji.

Sisi tunaoandika tunafanya kazi na karatasi hizi: wengine tunapokea madai, wengine tunajaza ripoti za daktari, wengine tunaandaa malalamiko ya wafiwa. Hatutetei udanganyifu. Mtu aliyeambiwa ana saratani Jumatatu akaenda kukata bima Jumatano huku amenyamaza amewaibia wateja wenzake, kwa sababu fao lake litatoka katika mfuko wa ada zao. Kampuni ina haki ya kujua hatari inayoibeba. Malalamiko yetu yanahusu wakati na namna ya kuijua. Kampuni inapokea ada mwezi baada ya mwezi bila kuuliza la maana, halafu mtu akifa ndipo mafaili yake ya hospitali yanatafutwa kila kituo alichowahi kukanyaga.

Tuanze na chimbuko la wajibu wa mwombaji kujieleza, maana hutajwa katika barua za kukataa madai kama vile ni amri ya mbinguni. Kanuni kwamba mwombaji wa bima aseme kila jambo zito, hata asipoulizwa, iliwekwa na Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766 katika shauri la Carter na Boehm. Bima ilihusu ngome ya Fort Marlborough katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia ya leo, na mwandika bima, yaani aliyekubali kuibeba hatari, alikuwa London, mbali kwa safari ya miezi mingi ya meli. Hakuwa na njia ya kujua hali ya ngome ila kwa kuambiwa na aliyekuwa nayo. Kanuni hiyo ikaingizwa katika sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya 1906, na sisi tulirithi misingi ya sheria za Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Wanaoitaja kanuni hii husahau kwamba katika shauri lenyewe aliyeshinda alikuwa Carter, mkata bima. Jaji aliona kuwa mwandika bima alijua, au aliweza kujua, hatari aliyoikubali, na hakuuliza.

Leo kampuni inaweza kumtuma mteja maabara asubuhi na kupata majibu jioni. Waingereza wenyewe wameiacha kanuni hiyo kwa bima za watu binafsi: sheria yao ya 2012, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2013, inamtaka mwombaji ajibu maswali kwa uangalifu wa kawaida tu. Kubahatisha kampuni ingependa kujua nini si kazi yake tena. Nasi tunaomba hivyo hivyo. Kampuni iulize, na mwombaji awajibike kwa kile alichoulizwa.

Lakini kuuliza nako kuna ufundi wake, na hapa ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu fomu zilizopo zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na kujibiwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili.

Fomu inauliza kama "mzazi" wa mwombaji aliugua moyo au kisukari kabla ya miaka 60. Kwetu baba ni baba mzazi, baba mkubwa na baba mdogo. Mama ni pamoja na mama mkubwa na mama mdogo. Kaka na dada ni pamoja na watoto wa baba na mama hao wote. Mtu akisema "baba yangu alikufa kwa sukari" huenda anamsema baba mdogo aliyemlea. Kampuni inamwongezea ada kwa ugonjwa usio wa damu yake ya karibu, au kinyume chake anaficha bila kujua kwa kudhani swali linamhusu yule aliyemlea tu. Swali liandikwe: "Baba aliyekuzaa, mama aliyekuzaa, na ndugu mliozaliwa nao baba mmoja au mama mmoja."

Fomu inauliza kama mwombaji "anatumia dawa yoyote". Mgonjwa wa presha aliyeacha vidonge miezi minne iliyopita na kuhamia kwenye mitishamba atajibu Hapana, na kwa uelewa wake amesema kweli, maana dawa ni ile ya hospitali. Huyu ndiye kampuni ilipaswa kumjua kuliko wote, kwa kuwa presha iliyoachwa bila matibabu ni hatari kuliko ile inayomezewa dawa. Maswali yawe mawili: unatumia nini sasa, cha hospitali au cha kienyeji? Na je, kuna dawa uliyoambiwa utumie kila siku ukaiacha?

"Uvimbe" kwa Kiswahili cha kila siku ni jipu, tezi, goita na saratani. "Vidonda vya tumbo" ni jina ambalo watu hujipa wenyewe kwa kiungulia chochote, bila hata kupimwa. "Presha ya kushuka" wengi huiandika kwenye kisanduku cha presha, ambako mpima hatari, yule mtumishi wa kampuni anayeamua mwombaji akubaliwe au la, anaisoma kama presha ya kupanda. Kiharusi wengine hukiita kupooza, na wengine hukitaja kama jambo la kurogwa ambalo haliingii kwenye fomu ya ugonjwa. Sukari ya mimba iliyokwisha baada ya kujifungua mama hakumbuki kuitaja, nayo kitaalamu ina uzito kwa sababu huongeza uwezekano wa kupata kisukari baadaye. Kila moja ya haya linatibika kwa swali lililoandikwa na mtu anayejua lugha na anayejua tiba. Kwa presha, kwa mfano, swali linalotosha ni hili:

"Je, katika miaka 5 iliyopita daktari, tabibu au muuguzi amewahi kukuambia kwamba una presha ya kupanda? Kama ndiyo: uliambiwa mwaka gani, katika kituo gani, unatumia dawa gani, uliacha lini kama uliacha, na mara ya mwisho ilisoma ngapi?"

Neno "kukuambia" tumeliweka makusudi. Mtu hawezi kutangaza asichokijua. Presha na kisukari hukaa mwilini miaka bila dalili, na mtu aliyegunduliwa ana sukari mwezi wa pili baada ya kukata bima hakudanganya mtu kwa kutoitaja. Kwa magonjwa ya kawaida miaka 5 inatosha. Kwa saratani, kiharusi, moyo, figo, kisukari, kifafa na selimundu swali liwe "umewahi". Na yale ambayo hayahitajiki yasemwe waziwazi kwenye fomu: mafua, malaria iliyotibiwa ikaisha, kuzaa kwa kawaida, jino lililong'olewa. Tumeona dai la bima likihojiwa kwa sababu ya malaria, na tumeona aibu.

Sasa kuhusu anayeijaza fomu. Wakala anamfuata mteja kazini saa ya chakula cha mchana. Maswali ya afya yamepangwa kwenye jedwali: moyo, figo, ini, mapafu, mishipa ya fahamu, na kuendelea. Wakala anauliza yote kwa mkupuo mmoja, "Huna matatizo yoyote, eti?" Mteja anajibu, "Presha tu, lakini namezea dawa." Wakala anamwambia hiyo haina shida, kisha anashusha kalamu kutoka kisanduku cha kwanza cha Hapana hadi cha mwisho kwa mstari mmoja mrefu. Ukiona jedwali lenye mstari wa namna hiyo, wino haujakatika hata mara moja, unajua kwamba hakuna swali lililosomwa. Mpima hatari makao makuu huuona mstari huo kwa macho yake, na bado hupitisha maombi.

Wakala ana sababu. Kamisheni yake inatoka bima ikikubaliwa, na kila Ndiyo moja huleta fomu ya ziada, ripoti ya daktari na wiki kadhaa za kusubiri. Mteja naye hapewi nakala. Siku ya dai, kampuni inaonyesha kifungu kinachosema kwamba yeyote aliyemsaidia mwombaji kujaza fomu alikuwa anamtumikia mwombaji, wala hakuwa anaitumikia kampuni. Mahakama ya Uingereza iliwahi kuikubali hoja ya aina hiyo mwaka 1929 katika shauri la Newsholme, na kivuli chake bado kiko juu yetu. Tunaomba TIRA ipige marufuku kifungu hicho. Wakala aliyepewa leseni kwa jina la kampuni, anayelipwa na kampuni, akiambiwa "nina presha", basi kampuni imeambiwa.

Pia ukurasa wa afya uwe na sahihi yake peke yake, na ndani ya siku 14 kampuni impigie mteja simu kwa Kiswahili, imsomee majibu yake moja baada ya jingine, na kuyarekodi. Nakala ya fomu iliyojazwa itumwe kwa simu yake siku ileile. Kwa wananchi watakaoisoma barua hii: msisubiri kanuni. Kabla hujaweka sahihi, piga picha kila ukurasa kwa simu yako, na mtumie mtu mmoja unayemwamini. Andika majina ya dawa kama yalivyo kwenye boksi.

Upande wa hospitali una kasoro zake, na sisi wa tiba tunazikiri. Faili la mgonjwa halikuandikwa kwa ajili ya bima. Daktari huandika alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa akimaanisha "nashuku, nitapima." Ukurasa unaofuata kipimo kimerudi safi, lakini aliyetumwa na kampuni kutafuta faili anapiga picha ukurasa wa kwanza tu. Alama ile ya kuuliza ikishaingia kwenye barua ya kukataa dai, haionekani tena. Ugonjwa unatajwa kana kwamba ulithibitishwa. Vivyo hivyo na herufi HTN, yaani presha ya kupanda, zilizoandikwa baada ya kipimo kimoja cha 150/95 kwa mtu aliyefika anahema, kasimama foleni tangu alfajiri. Mtu hatangazwi kuwa na presha kwa kipimo kimoja cha namna hiyo. Kawaida apumzike dakika 5, apimwe mara 2 au zaidi, na arudi siku nyingine apimwe tena, isipokuwa presha iwe juu mno. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husomesha presha juu kuliko ilivyo. Na kuna mafaili yenye magonjwa ya mtu mwingine kabisa, ama kwa kufanana majina, ama kwa sababu kadi ya bima ya afya iliazimwa.

Kwa hiyo kampuni inayotegemea faili kukataa dai ionyeshe mambo matatu: kwamba ugonjwa ulithibitishwa, kwamba mgonjwa aliambiwa, na kwamba swali lililomhusu lilikuwa kwenye fomu. Mzigo wa kuthibitisha uwe kwa kampuni. Mjane aliye edani asitumwe kutafuta daktari aliyehama kituo miaka sita iliyopita.

Tufike kwenye pesa, maana hapa adhabu hailingani na kosa. Kwa utaratibu uliopo, jibu lisilo sahihi kwenye jambo zito linaweza kuifuta bima nzima, hata kama kampuni ingeijua kweli ingemkubali mteja kwa nyongeza ndogo ya ada. Wengi wenye presha inayodhibitiwa wangekubaliwa. Sheria ya Uingereza tuliyoitaja ina hesabu nyepesi kwa aliyekosea kwa uzembe bila nia mbaya. Tuseme mteja alilipa 40,000 kwa mwezi kwa bima ya shilingi 30,000,000, na kama angetaja presha yake ada ingekuwa 60,000. Amelipa theluthi mbili ya ada iliyostahili. Familia ipewe theluthi mbili ya fao, yaani shilingi 20,000,000. Kama kampuni isingemkubali kabisa, irudishe ada zote. Aliyedanganya kwa makusudi, na ikathibitika, akose. Hesabu hii inahitaji kampuni iwe na jedwali la nyongeza za ada lililotumika tarehe bima ilipokatwa, na ilionyeshe. Jedwali lililotungwa baada ya kifo lisipokelewe.

Pamoja na hilo kifutwe kifungu kinachofanya kila jibu la fomu kuwa msingi wa mkataba, kile kinachoiruhusu kampuni kujitoa hata kwa kosa lisilo na uzito wowote. Na uwekwe ukomo wa muda. India, ambayo Sheria yetu ya Mikataba imefuata kwa karibu sheria yake ya 1872, tangu 2015 hairuhusu bima ya maisha kuhojiwa kwa sababu yoyote baada ya miaka 3. Majimbo mengi ya Marekani yana ukomo wa miaka 2. Sisi tunaomba miaka 3. Kampuni iliyopokea ada 36 za kila mwezi imepata muda wa kutosha kumpima mteja wake.

Kwa benki tuna neno mahususi. Mtumishi wa umma anayechukua mkopo wa mshahara huwekewa rundo la karatasi mezani, na kati yake kuna tamko la afya njema la bima ya mkopo. Ada hukatwa yote kwa mkupuo kwenye mkopo wenyewe kabla hajaushika. Ofisa mikopo anaelekeza kwa kidole, "Sahihi hapa, hapa na hapa." Akifa, bima ikakataa kwa ajili ya tamko lile, deni linarudi kwa warithi, na kama kuna nyumba iliyowekwa dhamana inapigwa mnada. Kwa mikopo iliyo chini ya kiwango ambacho kampuni yenyewe imeamua haihitaji vipimo, tamko hilo liondolewe kabisa. Hatari ya kundi imeshapigiwa hesabu kwenye ada. Juu ya kiwango hicho, maswali yasomwe siku moja kabla ya kusaini, na mteja aende nayo nyumbani.

VVU hatutalizungumza kwa kunong'ona. Swali la hali ya maambukizi haliwezi kuulizwa kwa sauti na wakala mbele ya wafanyakazi wenzake mteja, huku sheria yetu ya UKIMWI ya 2008 ikitaka majibu ya vipimo yawe siri. Kenya, kwa sheria yao ya 2006, ilikataza kumlazimisha mtu apimwe au ataje hali yake kwa lengo la kupata mkopo au bima tu, na ikazitaka kampuni ziweke kiwango cha bima ambacho chini yake swali hilo haliulizwi. Tunaomba kiwango cha namna hiyo hapa. Juu yake, jibu liandikwe na mteja mwenyewe, liingie kwenye bahasha iliyofungwa, lifike kwa daktari wa kampuni bila kupita mkononi mwa wakala. Mtu anayetumia ARV vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, hatari yake ikadiriwe kwa hali hiyo aliyonayo leo, wala asihukumiwe kwa majedwali ya enzi ambayo dawa hazikuwepo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ile ruhusa ya jumla iliyo chini ya fomu, inayofungua mafaili yote ya mtu katika vituo vyote kwa muda usio na mwisho, ibadilishwe. Itaje kituo, kipindi na sababu, na mteja akiomba kuona ripoti ya daktari kuhusu yeye mwenyewe, aonyeshwe.

La mwisho linawahusu walio na bima tayari. Wengi wao walijaziwa fomu kwa ule mstari mmoja mrefu, na hawajui kilichoandikwa. Tunaomba TIRA itangaze kipindi cha miezi 6 ambacho kila mteja atatumiwa nakala ya majibu yake ya afya na kuruhusiwa kuyarekebisha bila adhabu. Kampuni imjibu kwa maandishi ndani ya siku 30: ada inabaki, au inaongezeka kwa shilingi ngapi na kuanzia mwezi gani, au fao linapunguzwa hadi kiasi gani. Atakayekufa kabla ya kujibiwa, dai lake lihesabiwe kwa ile hesabu ya theluthi mbili tuliyoionyesha hapo juu, kwa uwiano wake. Nakala zitumwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, na namba ya Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iwe kwenye ukurasa wa kwanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Watumishi wa madai ya bima, wa tiba na wa msaada wa kisheria